Anayeshika Mali ya Marehemu Ana Hesabu ya Kutoa

Mjadala wa mirathi hapa Juba umekwama mahali pamoja kwa miaka mingi. Wako wanaosema mila ndiyo inayowatoa wajane nyumbani mwao, kwa hiyo dawa ni sheria ya serikali. Wako wazee na masultani, yaani machifu wetu, wanaowajibu kwamba sheria hiyo imeletwa na wageni, na kwamba koo zetu zilikuwa zikitunza wajane na yatima kabla Juba haijawa mji. Wanabishana vikali, lakini kuna jambo wanalokubaliana bila kulitaja: wote huchukulia kwamba ndugu wa marehemu akishapokea mali kwa mila, mali hiyo ni yake, afanye atakavyo. Nasema hapo ndipo tunapopotea. Mila za nchi hii, ukizifuata hadi kwenye mizizi yake, zinamweka ndugu huyo kuwa mdhamini wa nyumba ya marehemu. Amepewa kushika, hakupewa kumiliki. Na mtu aliyepewa kushika ana hesabu ya kutoa kwa mjane, kwa watoto, na kwa ukoo wenyewe uliomweka. Tukianzia hapo, mahakama, makanisa, ofisi za ardhi na familia zina kazi ya kufanya leo, bila kungoja sheria iishinde mila wala mila iishinde sheria.

Tuwachukue Wadinka na Wanuer, ambao mila zao za ndoa na mifugo zimeandikwa kwa kirefu. John Wuol Makec, mwanasheria aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wetu, alichapisha kitabu chake kuhusu sheria za kimila za Wadinka mwaka 1988. Kabla yake, mwaka 1951, mwanaanthropolojia Mwingereza E. E. Evans-Pritchard alikuwa ameandika juu ya ndoa na ujamaa wa Wanuer. Kwa jambo hili picha ni moja. Mume akifa, ndoa haifi. Mjane hubaki mke wa marehemu, na ndugu anayeingia nyumbani mwake huingia kwa niaba ya aliyekufa. Watoto watakaozaliwa huitwa kwa jina la marehemu, wala si la aliyewazaa. Mwanamume akifa kabla ya kuacha watoto, ndugu zake wanaweza kumwolea mke, na watoto wa mke huyo wakawa wa marehemu na warithi wake. Katika nyumba ya wake wengi, kila mke ana ng'ombe waliotengwa kwa nyumba yake, na wanawe huwategemea hao watakapotaka kuoa. Mila inayojali kiasi hicho kutenganisha kilicho cha marehemu na kilicho cha ndugu yake haiwezi kusemwa kwamba inamruhusu ndugu huyo kuuza kila kitu akaenda zake. Sidai kwamba makabila zaidi ya 60 ya nchi hii yana utaratibu mmoja. Wabari, Wakakwa na Wamoru ni wakulima, na kwao shamba lina uzito ambao kwa mfugaji hubebwa na ng'ombe. Wala sidai kwamba mila hizi zilimtendea mwanamke haki kamili. Mjane hakuulizwa sana kama anamtaka shemeji huyo, na binti alitajwa zaidi kwa mahari atakayoleta kuliko kwa fungu atakalopewa. Hayo lazima yabadilike. Lakini wazo la kushika kwa niaba limo ndani ya mila, na tunaweza kulidai kwa maneno ambayo hakuna sultani atakayeyakana.

Kilicholivuruga wazo hilo ni mji. Ng'ombe huonekana. Kila mtu kambini anamjua kwa rangi na pembe zake, anajua alitoka kwa mahari ya nani na ni wa nyumba ipi. Shemeji akimwondoa zizini, habari hufika kabla ya jioni. Kiwanja cha mjini, kwenye mitaa ya Juba kama Gudele au Munuki, ni mali ya namna nyingine. Uhai wake umo ndani ya bahasha: barua ya kugawiwa, stakabadhi za malipo ya upimaji, mchoro wenye namba ya bloku na ya kiwanja, labda mkataba wa mauziano ulioshuhudiwa na majirani wawili ambao mmoja amekwisha kuhamia Wau. Jina lililoandikwa ni moja, na mara nyingi ni la mume. Mara nyingine hata la mume silo. Baada ya Mkataba wa Amani wa 2005, watu waliporudi kwa wingi kutoka Khartoum, Uganda na Kenya, aliyekwenda kupanga foleni ya kiwanja alikuwa binamu aliyetangulia mjini au ndugu mwenye cheo jeshini, na jina lake ndilo lililoingia kitabuni. Mke aliteka maji ya matofali, akauza chai katika soko la Konyokonyo hadi bati la mwisho likapigiliwa misumari, na hakuna karatasi hata moja inayomtaja. Mume akifa, mwenye bahasha ndiye mwenye nyumba. Anaweza kuiuza kwa mtu asiyemjua mjane, na wazee walioko Bor au Yei wasisikie lolote hadi mnunuzi alete watu wa kubomoa. Vita vya Desemba 2013 na vya Julai 2016 viliongeza shida juu ya shida: watu zaidi ya milioni 2 walikimbilia nje ya nchi, na wengi wao wana wafu ambao mali zao hazijawahi kuhesabiwa na yeyote.

Sheria zetu hazimkani mjane. Katiba ya Mpito ya 2011, katika ibara ya 16, inasema wanawake wana haki ya kumiliki mali na kupata fungu katika mali ya waume zao waliofariki, pamoja na warithi wengine halali. Sheria ya Ardhi ya 2009 inarudia haki hiyo kwa upande wa ardhi. Mwaka 2015 nchi ilijiunga na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake. Wakati huohuo, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya 2007 inamwelekeza hakimu, linapokuja suala la ndoa na mirathi, afuate mila ya wahusika madhali haipingani na haki na dhamira njema; na Sheria ya Serikali za Mitaa ya 2009 inazitambua mahakama za masultani na mabaraza ya mjini. Kilichokosekana ni kiungo. Bunge halijapitisha sheria kamili ya mirathi itakayosema nani anamteua msimamizi, msimamizi anaandika nini, anatoa hesabu kwa nani na kwa muda gani, na akila mali anafanywaje. Haki imetajwa Katibani, mila inatumika barazani, na kati ya hizo mbili hakuna anayeuliza kwa mamlaka: mali ya marehemu ilikuwa nini, na sasa iko wapi?

Majirani zetu wameliuliza swali hilo, kila mmoja kwa njia yake. Nchini Kenya, Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika Julai 1981 inamtaka msimamizi apeleke mahakamani orodha kamili ya mali na madeni ndani ya miezi 6, na inamhesabu kuwa mkosaji wa jinai yeyote anayeingilia mali ya marehemu bila idhini. Uganda, ambako maelfu ya familia zetu zimeishi na kusomesha watoto, ilirekebisha sheria yake mwaka 2022, miaka 15 baada ya Mahakama ya Katiba kuvitangua vifungu vilivyombagua mwanamke. Sasa mtu akifa huko bila wosia, watoto hupata asilimia 75 ya mali, mjane au mgane 20, wategemezi wengine 4, na mrithi wa kimila 1. Hiyo asilimia moja inanifikirisha kuliko nyingine zote. Waganda hawakumfuta mrithi wa kimila. Amebaki na nafasi yake na heshima yake mbele ya ukoo. Walichokataa ni kwamba heshima hiyo impe nyumba ya watoto. Tanzania nayo ina hukumu iliyotolewa Mwanza mwaka 1990 na Jaji Mwalusanya. Mwanamke wa Kihaya, Holaria Pastory, aliuza shamba la ukoo, mpwa wake akadai lirudishwe kwa sababu mila ilimzuia mwanamke kuuza. Jaji alisema katazo hilo linapingana na Katiba. Wanaoitaja hukumu hii humsifu jaji, na anastahili. Lakini naomba tumkumbuke pia baba. Shamba lile lilimfikia binti kwa wosia wa baba yake. Kabla ya kesi, mzee wa Kihaya alikuwa amekwisha kuamua kwa hiari yake kwamba binti yake anaweza kuachiwa ardhi ya ukoo, na uamuzi wake ulisimama kwa kuwa aliufanyia wosia.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya wazee wenyewe wakiwa hai. Wosia wa mzee wa Juba hauhitaji maneno magumu. Ukurasa mmoja unatosha kutaja kiwanja kwa bloku na namba yake, na kusema wazi kwamba jina lililo kitabuni ni la binamu ingawa fedha zilikuwa zake. Utaje akaunti ya benki na namba ya simu yenye pesa. Utaje ng'ombe kwa rangi zao na aliyepewa kuwachunga, kwa sababu ng'ombe wa mtu mmoja huwa wametawanyika kwenye kambi kadhaa, na mwenye ramani yao kichwani ni mzee peke yake. Kisha uandikwe upande wa pili ambao familia nyingi huusahau: madeni. Nani alichangia mahari yake naye hajamrudishia, ng'ombe wangapi bado anadaiwa na wakwe, na yeye anamdai nani. Mwisho umtaje mtu atakayeshika, na mtu wa pili atakayemkagua. Huyo wa pili atoke upande wa mjane, au awe mjane mwenyewe. Wanaodhani mambo haya ni ya wanasheria wenye ofisi za kioo waangalie kanuni za urithi wa kimila zilizotangazwa Tanganyika mwaka 1963: wosia wa mdomo ulikubaliwa, lakini mbele ya mashahidi wasiopungua 4, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo. Mzee asiyejua kusoma aliwekewa njia yake. Kwa Waislamu wa mji huu mlango uko wazi zaidi, maana mafungu ya warithi yamekwisha kupangwa, wosia hauzidi theluthi moja, na onyo juu ya kula mali ya yatima ni kali mno.

Mzee asipokufa bali akadhoofika, hatari ni ileile na pengine kubwa zaidi, kwa sababu hakuna matanga ya kuwakusanya watu. Mzee anapelekwa Kampala, Nairobi au Cairo kutibiwa figo au kiharusi, na kabla ya safari anapigishwa dole gumba kwenye hati ya uwakili, ile tunayoiita tawkil. Fedha za matibabu zinahitajika, haraka inaeleweka. Lakini hati yenyewe mara nyingi haina mwisho wala mipaka: inampa mwana mmoja uwezo wa kuuza, kupangisha, kutoa fedha benki na kutia sahihi kwa kila jambo. Mzee akirudi, anakuta duka lina mwenyewe mwingine. Uwakili wa haki utaje mali moja, kazi moja na tarehe ya kukoma, usomwe kwa lugha anayoielewa mzee, na nakala yake ikae kwa mtoto mwingine ambaye hakupewa uwakili. Mzee ambaye akili zimeanza kumpotea asipigishwe dole hata kidogo. Hapo familia iende mbele ya hakimu. Najua njia hiyo ni ndefu na ina gharama, lakini dole la mtu asiyejua anachokubali halina thamani yoyote, na anayeshuhudia karatasi kama hiyo anashiriki wizi.

Pingamizi la kwanza nalisikia kabla sijamaliza: kuandika wosia ni kujiitia kifo. Siibezi hofu hiyo. Katika nchi iliyozika watu wengi kama hii, mtu ana haki ya kutotaka kulitaja jambo hilo. Lakini mila zetu hazikuwa bubu mbele ya kifo. Mzee aliyeona siku zinamwishia aliwaita wanawe, akasema deni lake liko wapi na ng'ombe wake wako kwa nani, na maneno hayo yalishikwa kuliko maneno yote aliyowahi kusema. Wosia ulioandikwa ni kikao hichohicho, kimewekwa mahali ambapo watoto walio katika kambi za wakimbizi za Bidibidi na Kakuma, au Khartoum, wanaweza kukisoma ingawa hawakuwepo. Pingamizi la pili ni zito zaidi. Ukoo husema: sisi ndio tuliotoa ng'ombe wa mahari, kwa hiyo mke na alichojenga ni vya kwetu. Mchango huo ni wa kweli na unadai malipo. Ila mila yenyewe imekwisha kusema malipo yake yatatoka wapi: binti za nyumba hiyo wanapoolewa, waliochangia hupata fungu lao. Mjomba na baba mdogo wanajua fungu hilo bila kuandikiwa na mtu. Hakuna mila niijuayo inayosema kwamba ng'ombe wa mahari wamenunua pia nyumba ya bati iliyojengwa kwa mshahara wa mwalimu na faida ya chai. Akiandika waliomchangia, mzee anaulinda ukoo dhidi ya mtoto msahaulifu kama anavyomlinda mjane dhidi ya shemeji.

Kuna wanaosema pia kwamba karatasi hazina maana katika mji ambao mihuri hughushiwa na hati mbili hutolewa kwa kiwanja kimoja, na kwamba mwenye bunduki hasomi wosia. Hili ndilo pingamizi linalonisumbua zaidi, kwa sababu ni kweli kwamba wako watu ambao hakuna wosia utakaowazuia. Hata hivyo, wengi wanaowatoa wajane majumbani si hao. Ni mashemeji wa kawaida, watu wa kanisani, wenye shida zao, wanaofanya hivyo kwa kuwa hakuna aliyewaambia mbele ya wengine kwamba hawana haki. Kwa hao, karatasi iliyosomwa hadharani ina nguvu. Na dhidi ya kughushi, kinga ni nakala nyingi katika mikono isiyopatana. Makanisa yetu yana vitabu vya ubatizo na ndoa ambavyo watu huviamini kuliko rejista yoyote ya serikali. Kanisa Kuu la Mtakatifu Teresa pale Kator, Kanisa Kuu la All Saints, parokia za Gumbo na Munuki, na misikiti ya mjini zingeweza kuanzisha kitabu cha wosia: bahasha iliyofungwa, tarehe, majina ya mashahidi. Nakala ya pili iende kwa sultani, ya tatu ibaki kwa mke. Atakayetaka kughushi itambidi aghushi mara tatu. Siku ya arobaini, watu wakiwa wamekusanyika, aliyeteuliwa asimame asome orodha ya mali, naye karani wa sultani aiandike. Baada ya mwaka asome tena, aseme ada za shule zimelipwa kwa fedha gani na ng'ombe wamebaki wangapi. Akikataa, baraza limwondoe na kumweka mwingine, kama lilivyo na uwezo wa kumwondoa mlezi mbaya.

Sheria kamili ya mirathi lazima ije, na Bunge halina udhuru wa kuendelea kuiacha. Lakini wizara ya ardhi ya Jimbo la Equatoria ya Kati haihitaji kungoja Bunge ili kubadilisha fomu zake. Inaweza kuagiza kwamba kiwanja cha mtu aliyefariki kisibadilishwe jina mpaka mambo matatu yaonekane mezani: orodha ya warithi iliyothibitishwa na mahakama, sahihi au dole la mjane aliyefika mwenyewe ofisini, na tangazo lililobandikwa kwa siku 30 kwa kiongozi wa hai, yaani mtaa, ambako kiwanja kipo. Inaweza kuongeza nafasi ya jina la pili kwenye fomu ya maombi, ili mume na mke waandikwe pamoja tangu siku ya kwanza, na isitoze chochote kwa mume anayetaka kumwongeza mkewe kwenye hati ya zamani. Hayo ni maagizo ya ukurasa mmoja na mhuri, na yanaweza kuanza na viwanja vitakavyopimwa mwaka huu.